Simu za Asubuhi za Bi Naziha

Kila asubuhi, baada ya kumwagilia mrihani wake dirishani na kunywa kahawa nusu kikombe, Bi Naziha Jarraya alivuta kiti, akaweka simu sikioni, akaanza kuwauliza watu wazima na heshima zao kama wamepata choo.

"Sondes mwanangu, habari za tumbo?"

"Shangazi, niko ndani ya basi!"

"Basi usiseme. Kohoa. Mara moja kama limefunga, mara mbili kama linaharisha."

Kikaja kikohozi. Kisha kikohozi kingine.

"Pole. Leo ni wali na viazi vya kuchemsha, na maji mengi. Harissa, hiyo pilipili ya kusaga, uinuse kwa majirani tu. Na huyo abiria anayekutazama mwambie una mafua."

Ndivyo alivyokuwa. Ujana wake wote aliumalizia kwenye posta ya mji wa Sfax, opereta wa simu, akiwaunganisha wachumba na wachumba, wauza mafuta ya zeituni na wateja wao wa Tunis, kina mama na watoto wao waliovuka bahari. Alistaafu mitambo ilipojifunza kujiunganisha yenyewe. Mumewe akafariki, mwanawe Wassim akahamia Ujerumani, naye akabaki na nyumba, mrihani, na mdomo usiotulia. Ndipo saratani ya utumbo mpana ikamjia. Madaktari walipoiona, ilikuwa imeshatoka kwenye utumbo na kupiga kambi kwenye ini. Wakamkata kipande cha utumbo, wakamfungulia njia mpya kando ya kitovu, wakambandika mfuko wa kupokea choo. Mfuko huo Bi Naziha aliuita mpangaji. Umehamia bila hodi, alisema, na wageni wakija ndipo unapopata maneno.

Daktari Olfa hakumficha kitu. Kupona hakupo, alimwambia, ila kuishi kupo, na hatujui ni kwa muda gani. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili Bi Naziha alikwenda kutundikiwa dripu, dawa kali iliyomwachia ganzi vidoleni, hata akigusa kitu cha baridi alihisi kama amechomwa sindano. Friji lake alilifungua kwa glavu za sufu, kama mwizi.

Katika chumba cha dripu aliwakuta wenzake wamekaa kila mtu na macho kwenye dawa yake inayodondoka, hakuna anayemsemesha mwingine. Wagonjwa wa saratani ya titi, chumba cha pili, walikuwa na mengi ya kuambiana. Lakini nani ataanza kumsimulia mgeni habari za haja kubwa? Bi Naziha ndiye aliyeanza. Mpaka dripu yake inakwisha siku ile, alikuwa na namba za simu za chumba kizima.

Jumanne moja akaingia mwanamume mrefu, mwembamba, amechana nywele kwa maji, akachukua kiti cha pembeni na kukigeuzia ukuta. Sondes, mama kijana wa watoto wawili aliyekuwa kwenye dripu jirani na Bi Naziha, alimgusa kiwiko.

"Shangazi, yule si Lamjed Triki? Yule refa?"

Bi Naziha alivaa miwani. Ni yeye hasa. Hapakuwa na mtu wa Sfax wa umri wake asiyeijua sura ile. Miaka mingi nyuma, dakika za mwisho za fainali, mwana huyu wa mji alipuliza penalti dhidi ya timu ya mji wake mwenyewe, na kombe likaenda kwingine. Kwa muda mrefu hakuweza kununua mkate bila mwokaji kumuuliza kama anataka na mkwaju wa penalti juu yake.

"Refa!" Bi Naziha aliita. "Geuka basi, hatukulipishi kiingilio."

Mwanamume akageuza shingo tu, mwili ukabaki ukutani.

"Marehemu mume wangu aliirusha redio dirishani kwa ajili yako. Redio ya mahari yangu."

"Mungu amrehemu," Lamjed alijibu. "Lakini ilikuwa penalti."

"Hata humu ndani?"

"Hata kaburini, bibi. Yule beki alimvuta jezi."

Raouf, muuguzi, aliyekuwa akitafuta mshipa mkononi mwa Lamjed, alisema bila kuinua kichwa, "Siku ile nilikuwa uwanjani na baba yangu. Nililia njia nzima. Sasa kunja ngumi, mzee, nami nitajitahidi kusahau."

Chumba kilicheka. Lamjed hakucheka, ila kiti alikigeuza.

Kuanzia kesho yake akawa kwenye simu za asubuhi. Mwanzoni alijibu kwa neno mojamoja, kama anayetoa ushahidi polisi. Bi Naziha hakujali. Naye alikuwa amebandikwa mfuko, basi alimfundisha namna ya kukata tundu lake likae sawasawa na kinyama cha utumbo kinachotokeza tumboni ili ngozi isiungue, na kuubadilisha asubuhi kabla ya kula, utumbo ukiwa bado umelala. Alimfundisha kulala na taulo chini, na kutosema samahani kila mfuko unapovuja, maana taulo halina masikio. Pole pole mzee akaanza kumpigia yeye mwenyewe.

Asubuhi moja simu ikapigwa na sauti asiyoijua.

"Bi Naziha? Mimi Ichrak, binti wa Lamjed. Nafunga ndoa mwezi ujao. Baba amesema hatakaa pembeni yangu wakati wa kuandikisha. Amemwambia baba mdogo akae badala yake. Nikimuuliza sababu, anasema mgongo. Mgongo haumuumi. Namjua. Wewe ndiye mtu pekee anayezungumza naye zaidi ya dakika moja."

Jumanne ya dripu iliyofuata Bi Naziha hakumsubiri hata atundikiwe dripu.

"Refa, mgongo wako unaendeleaje?"

Lamjed alielewa papo hapo. Alitazama viatu vyake.

"Unajua pale panavyokuwa," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wote kimya. Mwandishi wa ndoa anasoma, bibi harusi anaulizwa, hata watoto wanazibwa midomo. Sasa katikati ya kimya kile, tumbo langu hili liamue kuunguruma. Mbele ya wakwe. Na mkwe mwenyewe ni Mahfoudh, shabiki wa kutupwa, hakunisalimia vizuri tangu fainali ile mpaka watoto wetu walipopendana."

"Wewe! Uwanja mzima ulimtukana mama yako kwa wimbo, tena wenye vina, hukutikisa hata sharubu. Leo unakimbia ngurumo moja ya tumbo?"

"Uwanjani walinitukana kwa uamuzi wangu," Lamjed alisema. "Filimbi ilikuwa mdomoni kwangu, nikitaka napuliza, nisipotaka sipulizi. Hili haliniombi ruhusa, Bi Naziha. Linalia likijisikia."

Bi Naziha alishusha sauti. Hilo halikuwa jambo la kawaida, hata Sondes aligeuka kumtazama.

"Langu lililia matangani," alisema. "Kwa jirani yangu. Wanasoma Kurani, wanawake wamejipanga ukutani, mpangaji akafunguka kama mlango mbovu. Nilimwangalia bibi mmoja aliyekaa karibu nami, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama namsamehe."

"Hukuona haya?"

"Niliona sana. Nikaenda chooni nikalia, nikarudi nikanywa chai. Yule bibi mpaka leo hanisalimu." Akamsogelea. "Njoo nyumbani Alhamisi. Tutafanya mazoezi."

Alhamisi Lamjed alikuja amevaa suti ileile atakayoivaa harusini, na Sondes akaja na mkate wa shayiri. Bi Naziha alikuwa ameshapanga viti kama vya shughuli yenyewe. Alimweleza ya kula siku moja kabla: wali, mkate wa jana, ndizi mbivu, samaki wa kuchemsha. Alimkataza maharage, kabichi, vitunguu na soda.

"Na ukihisi linakuja, weka kiganja juu ya mfuko, hivi, ukandamize taratibu, kama unamtuliza mtoto. Watu watadhani umeshikwa na uchungu wa baba wa bibi harusi. Utasifiwa."

Kisha wakakaa kimya, watatu hao, kusubiri tumbo la Lamjed liseme. Saa ya ukutani ikagonga. Gari likapita nje. Lamjed amekaa wima, kiganja tayari. Tumbo halikusema kitu.

"Linaringa," Sondes alinong'ona.

"Nyamaza, litakusikia."

Wakasubiri tena. Ndipo ngurumo ndefu, nzito, yenye mkia, ikasikika chumbani. Lamjed aliruka kukandamiza tumbo, kisha akasimama ameduwaa.

"Siyo mimi," alisema.

"Ni mimi," Bi Naziha alisema. "Mpangaji wangu hapendi kupitwa na mambo."

Sondes aliteleza kitini kwa kicheko, na Lamjed Triki, ambaye hakuna mtu wa chumba cha dripu aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Siku ya ndoa ilipofika, watu walikusanyika baada ya sala ya alasiri nyumbani kwa Mahfoudh, kwenye sebule kubwa iliyofunguliwa milango yote. Lamjed alikaa kulia kwa binti yake, amekonda ndani ya suti yake, mkono mmoja pajani na mwingine tayari tumboni. Bi Naziha na Sondes walikuwa safu ya pili. Mwandishi wa ndoa alisafisha koo, akainua kidole, na kimya kikatanda. Akasoma majina ya mababu. Akamgeukia Ichrak amuulize kama amekubali.

Hapo hapo tumbo la Lamjed likaunguruma. Kiganja kilichelewa. Ilikuwa sauti ya juu, nyembamba, iliyovutwa, na hapakuwa na mtu mpaka barazani ambaye hakuisikia.

Mwandishi alisita. Vichwa vikaanza kugeuka. Bi Naziha akasimama kwa haraka kuliko goti lake lilivyopenda.

"Jamani samahani, ni tumbo langu," alisema. "Mimi mgonjwa, mnisamehe. Sheikh, endelea."

"Kaa chini, Bi Naziha," Lamjed alisema.

"Refa, acha..."

"Kaa chini, nakwambia. Usinichukulie kadi yangu." Alikuwa ameshasimama, na akiwa amesimama alikuwa mrefu kuliko watu wote. "Ni mimi. Nina saratani ya utumbo. Walinikata, na sasa nina mfuko hapa tumboni, unasema bila kuniuliza. Nilitaka nisije leo kwa ajili yake. Mwanangu, unisamehe. Si mgongo."

Ichrak aliushika mkono wa baba yake. Ndipo kutoka upande wa pili wa meza, Mahfoudh, baba wa bwana harusi, mtu mnene aliyekuwa amenyamaza mchana kutwa, akajikohoza.

"Lamjed," alisema, "tangu fainali ile, hii ndiyo filimbi yako ya kwanza ya haki."

Aliyeanza kucheka ni Ichrak, machozi yakimshuka kwenye poda. Kisha wakwe, kisha safu ya nyuma, kisha hata mwandishi wa ndoa akafunika uso kwa karatasi zake. Wanawake wakapiga vigelegele kabla ya wakati wake. Mahfoudh alizunguka meza akamkumbatia Lamjed, akimwinamia kwa uangalifu asije akamgandamiza tumbo.

"Sikujua kama unaumwa," alisema sikioni mwake. "Ningekuja kwako zamani."

"Ilikuwa penalti," Lamjed alisema begani kwake.

"Usiniharibie siku."

Ichrak akasema amekubali, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Baada ya harusi hiyo Bi Naziha akapigwa picha ya kifua na tumbo, kama alivyopigwa kila msimu. Daktari Olfa alimkalisha, akafunga mlango, na Bi Naziha akajua kabla hajaambiwa, maana kwa kawaida mlango ule ulibaki wazi. Madoa ya ini yameongezeka. Mengine yameingia kwenye mapafu. Dawa ya dripu imeacha kufanya kazi. Kuna vidonge anavyoweza kujaribu. Havitamponya, vinaweza kumwongezea muda kidogo, na vinachosha.

"Yaani mnanikatia simu katikati ya mazungumzo," Bi Naziha alisema.

"Hatukukatii. Tunabadilisha laini." Daktari alikuwa mwanamke mpole, na utani haukumkalia vizuri, lakini alijaribu. "Nenda ukafikiri, Bi Naziha. Uje na mtu."

Hakwenda kufikiri, wala hakutafuta mtu. Kesho yake asubuhi alimwagilia mrihani na kuanza kupiga simu kama kawaida. Alimtania Sondes kuhusu mume wake anayechanganya chumvi na sukari. Alimwambia Wassim, kule Ujerumani, kwamba picha imetoka safi kama karatasi. Alimpigia Lamjed na kumuuliza kama mkwe wake ameshaanza kumpa tiketi za mechi. Alicheka sana. Alicheka hata pale ambapo hapakuwa na kitu. Akishakata simu, alikaa palepale na kifaa mapajani mpaka adhana ya adhuhuri.

Mwishoni mwa wiki hiyo mlango ukagongwa. Alikuwa Lamjed, na mfuko wa machungwa.

"Umepotea njia, Refa?"

"Nimekuja kukutazama."

"Nitazame basi. Nimependeza?"

Lamjed aliingia, akaweka machungwa mezani, akakaa bila kukaribishwa. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho yale yaliyowahi kuwapeleka nje wachezaji wakubwa.

"Maisha yangu yote nimewaona watu wakijiangusha na kujifanya wameumia," alisema. "Nawajua hata kabla hawajafika chini. Wewe ndiye wa kwanza kumwona anajifanya mzima."

Bi Naziha akacheka. Kicheko kikaendelea kidogo, kikabadilika, na Lamjed alipoona mabega yake yanatikisika vibaya, alichukua chungwa akaanza kulimenya.

"Imefika mapafuni," Bi Naziha alisema kwenye leso.

"Ehe."

"Dripu haifai tena. Naogopa, Lamjed." Hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Nimewaambia watu wote hawa wasiogope. Sasa nitawaambia nini?"

"Hukutuambia tusiogope. Ulituambia tule wali."

Alimpa kipande cha chungwa. Bi Naziha alikishika, akakitazama, akakila.

"Sitakudanganya kwamba utapona," Lamjed alisema. "Sina elimu hiyo. Lakini kwa daktari hutakwenda peke yako, na Wassim utamwambia leo, mimi nikiwa nimekaa hapa. Na kuanzia kesho wewe ndiye utakayepigiwa. Mimi nitaanza, Sondes atafuata."

"Mtaniuliza nini?"

"Unajua tutakachokuuliza."

"Lo! Kwa mtu wa heshima kama mimi!"

Wakampigia Wassim. Alilia, akamgombeza mama yake, akalia tena, na wiki iliyofuata akawa amefika Sfax. Bi Naziha alikwenda kwa Daktari Olfa na mwanawe kushoto na refa kulia, kama mchezaji anayetolewa uwanjani kwa machela, alisema, ila machela yenyewe yanabishana. Akachagua vidonge. Alivimeza kwa miezi, dozi ikipunguzwa kila vilipomlemea, na siku alizokuwa na nguvu alikwenda Jumanne kwenye chumba cha dripu bila kuwa na dripu, akakaa tu, akiwauliza wageni majina. Mgeni mwingine akikigeuzia ukuta kiti chake, Lamjed ndiye aliyemwita.

Siku nyingine hakuweza kuinuka. Siku hizo simu ikilia aliwekewa juu ya mto karibu na sikio, akasikiliza vikohozi vyao na habari za matumbo yao, akajibu kwa maneno machache, na mara nyingi usingizi ukamchukua wakiwa bado wanaongea. Hawakukata. Waliendelea kupiga soga wao kwa wao mpaka Wassim aje kuichukua simu.

Sikukuu ya Idi ikawakuta wote nyumbani kwake. Sondes alisimama jikoni akipika charmula, ile rojo ya vitunguu na zabibu inayoliwa na samaki wa chumvi, na Bi Naziha, amefunikwa blanketi kwenye kochi lililosogezwa mpaka mlango wa jikoni, akatoa amri.

"Punguza moto. Vitunguu vinataka kubembelezwa, hujafunga navyo ndoa ya kulazimishwa."

"Shangazi, ndiyo nimepunguza."

"Zabibu umezisaga au umezikanyaga?"

"Wewe kula vitunguu si umekatazwa?" Lamjed aliuliza kutoka sebuleni, alikokuwa akigombana na Mahfoudh kuhusu mechi ya jana. "Mimi ulininyima kabisa."

"Wewe ulikuwa na harusi. Mimi leo sina pa kwenda."

Mbali na Wassim, aliyegeukia dirishani kidogo, hakuna aliyeacha alichokuwa akifanya. Sondes alichota kwenye sahani ndogo, akapuliza, akapiga magoti karibu na kochi. Bi Naziha alionja kwa ncha ya ulimi, macho yamefumbwa. Wakamngoja, hata Mahfoudh.

"Zabibu zimezidi," alisema. "Na mdalasini umeusahau. Mama yako angekufukuza." Akafungua jicho moja. "Leta kijiko kingine, niwe na uhakika."